Cherehani ya viatu na mkono wa kulia wa fundi

Na Mwandishi Wetu

NDUGU msomaji, kama unaye mtoto aendaye shule, bila shaka unaijua safari ya wiki ya kwanza ya Januari. Viatu vyeusi vimenunuliwa juzi, vinang'aa, vinanukia gundi. Na kabla mtoto hajavivaa hata mara moja, unavifunga katika gazeti kuukuu na kuvipeleka kwa fundi avishone soli pande zote. Viatu vipya kabisa! Tumezoea hata hatujiulizi tena kwa nini kiatu kipya kianzie kwa fundi ndipo kiende shule. Jibu lake ni kwamba soli imeshikwa kwa gundi tupu, na gundi hiyo ikikutana na tope la Nyanda za Juu Kusini haimalizi muhula.

Januari moja nilikuwa likizoni Iringa. Nikavichukua vya mwanangu hadi kwa mzee mmoja ashonaye barazani, hatua chache kutoka soko kuu. Nilimwamkia, akanivutia kigoda, akaniambia ningoje zamu yangu maana mbele yangu palikuwa na jozi nane. Mwenye haraka asingekaa. Mimi nilikaa, na ndiyo sababu nimepata la kukuandikia.

Mbele ya mzee palikuwa na cherehani nyeusi ya chuma cha kusubu, ile isiyo na meza wala mota, yenye miguu mifupi na gurudumu kubwa ubavuni. Mkono wake wa chini ni mrefu na mwembamba, ili kiatu kivikwe juu yake kama soksi. Mguu wa kubana ngozi, tofauti na ule wa cherehani ya nguo, ndio wenyewe unaoivuta ngozi: hunyanyuka, hupiga hatua, hushuka. Tena huweza kugeuzwa upande wowote, hata fundi akashona kona ya kiatu bila kukizungusha kiatu chenyewe. Aliyeibuni alikuwa na akili, hilo halina ubishi.

Lakini itazame ikifanya kazi kwa dakika kumi, nawe utaona kasoro zake. Mkono wa kulia wa fundi uko kwenye hendeli, unazungusha. Wa kushoto umeshika kiatu. Ukifika kwenye kona, mguu wa cherehani unapaswa kugeuzwa, nao hauwezi kugeuzwa ila kwa mkono. Basi wa kulia unaiacha hendeli, unageuza, unarudi. Kila kona ni kusimama na kuanza upya. Sasa hesabu kona zilizomo katika kiatu kimoja cha mtoto, halafu zidisha kwa jozi nane zilizokuwa mbele yangu.

Jambo la pili ni bobini. Kwa kuwa ule mkono wa chini ni mwembamba, bobini iliyomo ndani yake ni ndogo mno, na uzi wa viatu ni mnene. Kabla sijamaliza kikombe changu cha chai mzee alikuwa ameijaza upya mara mbili. La tatu sikuliona mpaka aliponionyesha kwa ncha ya kidole: sehemu zinazousogeza mguu zilikuwa zimelika, na hatua ya mshono ikawa fupi kuliko alivyotaka. Usidhani hilo ni dogo. Matundu yakikaribiana mno, ngozi huwa kama karatasi ya stempu iliyotobolewa ili ichanike vizuri. Mteja huondoka akisifu mshono ulivyo wa karibu karibu, na baada ya mwezi mmoja kiatu kinachanika palepale kwenye mstari. Lawama humwendea fundi, wala hakuna anayeilaumu mashine.

Na soli je, ambayo ndiyo iliyotuleta pale? Hiyo mzee hakuishona kwa mashine hata kidogo. Aliweka kiatu gotini, akachukua msharasi, akatoboa na kuvuta uzi wa nta kwa mkono, tundu kwa tundu, kama babu yake angalivyofanya. Soli nene ya mpira huishinda cherehani ile. Maana yake ni kwamba kazi iletwayo na wengi zaidi, hasa mwezi Januari, ndiyo ambayo mashine haikuundwa kuifanya.

MASHINE YA WATU WENGINE

Mama wa cherehani hizi ni Singer ya aina ya 29K, iliyokuwa ikitengenezwa Clydebank, Scotland, katika kiwanda kilichofungwa mwaka 1980. Hiyo ilipatikana pia ikiwa na kanyagio la mguu, na vyuma vyake vilisuguliwa vikasuguika. Zinazopanda malori kutoka Dar es Salaam kuja Iringa na Mbeya siku hizi ni nakala zilizofanywa China. Wazo ni lilelile, ila bei imeshushwa kwa kuacha mambo fulani fulani: chuma hutoka kwenye kalibu na chenga zake, skrubu hulegea, kikasha cha bobini kina makali yanayoukata uzi. Fundi anayeijua kazi yake, akinunua cherehani mpya, siku ya kwanza haishoni kitu. Anaifungua, anaipiga tupa na msasa, anaipaka mafuta, kisha anaifunga upya. Kwa maneno mengine, anamaliza kazi ambayo kiwanda kilimwuzia kana kwamba imekwisha.

Sisemi hivi kuwadharau walioinakili. Bila bei ile wengi wa mafundi wetu wangebaki na msharasi peke yake. Ninachosema ni kwamba mashine hii imepita mikononi mwa wabunifu wa nchi mbili tatu, na hakuna hata mmoja wao aliyepata kukaa kwenye kigoda changu pale Iringa.

Historia ya mashine za viatu inatuonyesha jinsi jambo hilo lilivyo na uzito. Mwaka 1858 Mmarekani Lyman Blake alipata hataza ya mashine ya kushona soli kwenye sehemu ya juu ya kiatu, na tajiri Gordon McKay akainunua na kuiboresha. Viwanda vikaenda mbio, isipokuwa mahali pamoja: kuivuta ngozi juu ya foroma na kuikaza kulibaki kazi ya mkono, na wengi wakaamini kwamba hakuna chuma kitakachoiweza. Aliyeiweza alikuwa kijana mweusi, Jan Ernst Matzeliger, aliyezaliwa Paramaribo, Suriname, mwaka 1852. Alikuwa mfanyakazi wa kawaida katika kiwanda cha viatu mjini Lynn, Massachusetts, akiendesha mojawapo ya zile mashine za McKay za kushona soli. Mchana alitazama mikono ya mafundi wa foroma. Usiku aliunda mfano kwa mbao za makasha ya sigara na vipande vya chuma vilivyotupwa. Hataza yake ilitolewa Machi 1883. Fundi hodari wa mkono alikuwa akimaliza jozi 50 hivi kwa siku. Mashine ya Matzeliger ilianzia kwenye jozi 150 na ikaweza kufikia 700. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1889 kwa kifua kikuu, hajatimiza miaka 37.

Sikia pia lililofuata, maana linatuhusu. Mwaka 1899 makampuni makubwa ya mashine za viatu ya Marekani yaliungana yakawa moja, United Shoe Machinery, nalo mashine zake kubwa halikuziuza, lilizikodisha. Mwenye kiwanda hakuwa na ruhusa ya kuigeuza mashine apendavyo, kwa kuwa haikuwa yake. Serikali ya Marekani ilipambana na kampuni hiyo mahakamani kwa miaka mingi. Fundi wetu wa barazani, pamoja na umaskini wake wote, analo jambo moja ambalo wenye viwanda wale hawakuwa nalo: cherehani ni mali yake, na akitaka kuitoboa tundu anaitoboa.

MOROGORO HATUJAISAHAU

Huenda msomaji atauliza kwa nini tujisumbue na vyuma vya barazani badala ya kuagiza mitambo ya kisasa kutoka ng'ambo. Tulikwisha agiza. Kiwanda cha Viatu cha Morogoro kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kikapangiwa kutengeneza jozi milioni 4 kwa mwaka, kiasi cha kulivisha taifa zima na kupeleka sehemu kubwa ya viatu Ulaya. Mashine zilikuwa za kisasa kweli kweli. Lakini jengo lilikuwa na kuta za alumini bila mpango wa kupitisha hewa, kana kwamba Morogoro ni mji wa theluji, na kiwanda hakikupata kuvuka asilimia 4 ya uwezo wake. Mwaka 1990 kazi ilisimama. Kiwanda kile kilikuwa na sababu nyingi za kufa, na mashine zake hazikuwa kubwa kuliko zote. Lakini ni mfano wa kutosha wa kitu kilichobuniwa mbali, kwa ajili ya mtu ambaye mbunifu hakumwona.

KANYAGIO LA MWANJELWA

Miezi michache baadaye safari ya kikazi ilinipitisha Mafinga na Makambako hadi Mbeya. Pale Mwanjelwa, kati ya wauza mitumba, nilimkuta kijana anashona kiatu kwa mikono miwili. Nikasimama. Mkono mmoja umeshika kiatu, wa pili uko juu ya mguu wa cherehani tayari kugeuza, na hendeli haina mtu. Nikainama kutazama chini: cherehani ya viatu, ileile nakala ya China, ameifunga juu ya meza ya cherehani kuukuu ya nguo iliyokufa, na mkanda wa ngozi unatoka kwenye kanyagio hadi kwenye gurudumu la ubavuni. Kona alizipita bila kusimama.

Alinieleza kwamba mara ya kwanza alikosea. Aliweka gurudumu dogo juu, mashine ikakimbia kama ya kushona shati, lakini ikakosa nguvu. Sindano ilifika kwenye ngozi ikakwama, nyingine ikavunjika. Ndipo akarudisha lile kubwa. Mashine ikapunguza mwendo, na sindano ikaanza kupenya. Mhandisi angekuandikia jambo hilo kwa tarakimu. Kijana yule alilipata kwa kuvunja sindano, nazo kazi yake haizipati kwa urahisi: ya ngozi ina ncha ya kukata kama kisu kidogo, na ukilazimika kutumia ya nguo, yenye ncha ya mviringo, hupinda.

Kwa nini hakuweka mota? Nilimwuliza, na nadhani alinihurumia. Barazani hakuna umeme. Hata ungekuwapo, mota ya kawaida ya cherehani huenda mbio kupita kiasi kwa kazi ya viatu, ambako fundi hutaka tundu moja moja. Mimi naungana naye. Kwa fundi wa barazani kanyagio lashinda mota, na anayetaka kumsaidia aanzie hapo.

Tena msaada hauko mbali. Shirika la Viwanda Vidogo, SIDO, liliundwa kwa sheria ya mwaka 1973, na miongoni mwa vituo vyake vya kuendeleza teknolojia, kimoja kiko Mbeya na kingine Iringa. Pale Mbeya kipo pia Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, kilichoanza mwaka 1986 kama chuo cha ufundi. Kerezo zipo, wanafunzi wa uhandisi wanaotafuta kazi ya kubuni kwa ajili ya mtihani wao wa mwisho wapo. Kazi zenyewe si za kutisha: fremu ya kanyagio inayokunjika ili fundi aibebe jioni, na kifuniko cha kuikinga mvua, vipuri vya mguu vilivyokerezwa kwa kipimo kimoja, ili kilichonunuliwa Iringa kiingie katika mashine iliyonunuliwa Mbeya. Kuhusu bobini ningewashauri wawe waangalifu, maana ukiikuza bobini unaukuza na mkono wa chini, na kiatu cha mtoto hakitaingia tena. Ngumu zaidi ni mashine ndogo ya kushona soli ubavuni kwa nguvu ya mguu. Viwanda vikubwa vinazo zinazokwenda kwa umeme. Kuishusha hadi barazani ni kazi ya mtu mwenye subira, lakini huyo ndiye atakayewaondolea wazee wetu msharasi gotini.

Nilirudi Iringa kabla ya mvua kuanza tena, nikaenda moja kwa moja kwa yule mzee na habari za Mwanjelwa. Alisikiliza huku akishona. Nilipomaliza hakusema kama jambo ni zuri au baya. Aliuliza mkanda ni wa ngozi au wa mpira, na kama ukilowa hauteleza. Kisha akauliza gurudumu la kijana yule lina ukubwa gani, nami, mwandishi mzima niliyekwenda na daftari, sikuwa nimelipima.

Mzee akakata kipande kirefu cha uzi wa nta, akanikabidhi. Akaniambia nikipita tena Mbeya niuzungushe kwenye lile gurudumu, nifunge fundo pale unapokutana, nimletee.