Msafiri wa baiskeli na mito ya mchanga Ukambani

AENDESHAYE baiskeli polepole kutoka Kitui kupitia Mutomo na Ikutha hadi Kibwezi, huvuka mito mingi isiyo na tone la maji. Asidanganyike. Tiva na mingineyo hutiririka msimu wa mvua tu. Kisha maji husalia chini ya mchanga, na wenyeji huyachota kwa kufukua visima vifupi.

Ndiyo maana uzoaji wa mchanga huzua uhasama: malori yaukombapo hadi mwambani, visima hukauka. Makueni ilitunga sheria ya kuulinda mnamo 2015.

Mbele ya Ikutha, barabara huvuka mwinuko wa Yatta, uliotokana na zaha ya volkano, kisha huteremkia mto Athi unaozitenganisha kaunti hizi mbili. Athi haukauki. Una mamba, hivyo kuoga humo ni ujinga mtupu.

Wakati mwafaka ni Juni hadi Septemba. Mvua ya Machi hadi Mei, na ya Oktoba hadi Desemba, hunyesha vilimani na kuleta mafuriko ya ghafla hata kulikoanuka. Kwa hivyo usipige kambi mtoni. Miiba ya migunga nayo hutoboa tairi. Beba viraka na pampu.