Simu Ni Nusu, Mnara Ni Nusu

(Somo hili lilisomwa redioni. Limechapwa hapa ili wanafunzi wa madarasa ya watu wazima walisome polepole, kisha walizungumze pamoja.)

Natumaini nyote mmekwisha kaa, na mwalimu wenu amekwisha andika ubaoni maneno 5 ya leo. Maneno yenyewe ni haya: laini, kufungwa, masafa, mnara na kifurushi. Yasomeni kwa sauti mara moja.

Vema. Leo tutazungumza juu ya simu janja, yaani simu ile ya kioo kikubwa inayopanguswa kwa kidole. Hatutazungumza juu ya uzuri wake, maana uzuri wake kila mtu anauona dukani. Tutauliza jambo moja tu. Kwa nini simu ile ile huwa na faida kubwa mahali pamoja, na mahali pengine ikawa kama kioo cha kujitazamia?

Nitawaeleza habari za shangazi yangu. Anakaa katika bonde moja la milima ya Usambara, wilaya ya Lushoto, naye analima kabichi na karoti. Kwa miaka mingi alikuwa na simu ndogo ya vitufe, ile tuiitayo kitochi. Kwa kitochi hicho alizungumza na wanunuzi wa mboga, akapokea fedha zake, na usiku wa taabu akamwita kijana wa bodaboda. Siku moja mwanawe, anayefanya kazi Marekani, alimletea simu janja kwa mkono wa rafiki. Shangazi alifurahi mno, na siku ile ile akataka kumpa jirani kile kitochi. Bahati njema jirani hakuwapo nyumbani.

Taabu ya kwanza ilikuwa kufungwa. Shangazi alitoa laini yake katika kitochi, akaitia katika simu mpya. Simu ikawaka, ikaonyesha maandishi, lakini ikaikataa laini. Akapanda gari mpaka mjini Lushoto kwa fundi. Fundi akamwambia, "Mama, simu hii imefungwa."

Maana ya kufungwa ni hii. Huko Marekani watu wengi hawanunui simu kwa fedha taslimu. Huichukua kwa kampuni ya simu, wakalipa kidogo kidogo kwa muda wa miezi 24 au 36. Kampuni haitaki mteja aondoke na simu kabla ya kumaliza deni. Kwa hiyo huifunga simu kwa programu, ikubali laini za kampuni hiyo peke yake. Ni kama baiskeli iliyotiwa kufuli: magurudumu ni mazima, kengele inalia, lakini haiendi popote mpaka mwenye ufunguo aje. Nchi nyingine zimeikataza desturi hii. Nchini Kanada, tangu Desemba 2017, simu mpya hutakiwa kuuzwa zikiwa zimefunguliwa. Uingereza nayo imekataza kuuza simu zilizofungwa tangu Desemba 2021.

Basi ufunguo u wapi? Uko kwa kampuni iliyoifunga. Wako mafundi wanaosema kwamba wataifungua kwa njia zao wenyewe. Wengine hufaulu, na wengine huiharibu simu isiwake tena, na fedha yako imekwenda. Njia iliyo salama ni aliyenunua amalize deni, kisha aiombe kampuni ifungue. Ndivyo alivyofanya mtoto wa shangazi. Alilipa yaliyobaki, akaomba, na simu ikafunguliwa.

Jambo jingine la kutazama ni tundu la laini. Siku hizi ziko simu ambazo laini yake si kile kipande kidogo cha plastiki, bali ni maandishi yaliyotiwa ndani ya simu. Simu za iPhone 14, zilizotoka mwaka 2022, zile zilizouzwa Marekani hazina tundu la laini kabisa. Mtu akiletewa simu ya namna hiyo, na kampuni yake hapa haitoi laini ya namna hiyo, atabaki ameishika tu.

Sasa tuje kwenye neno masafa. Nyinyi mnaonisikiliza mnayajua masafa, ingawa labda hamkuyaita kwa jina hilo. Ukizungusha kitufe cha redio unatafuta nini? Unatafuta namba ambayo stesheni inatangazia. Ukikosea namba husikii kitu, hata kama redio yako ni ya bei kubwa. Simu nayo ni redio. Hupokea sauti na maandishi kwa mawimbi yasiyoonekana, na hurudisha mawimbi kwenye mnara. Kila nchi imegawa namba za mawimbi kwa namna yake. Kwa simu za kawaida za kuzungumza, yaani 2G, sisi katika Afrika Mashariki tunatumia megahezi 900 na 1800. Marekani wao walitumia 850 na 1900. Kwa 4G, iletayo intaneti ya mbio, huku kwetu na Ulaya hutumika sana 800 na 1800, na Marekani hutumika sana 700, 850, 1700 na 1900.

Simu nyingi za bei kubwa hujua namba nyingi, za huku na za huko. Lakini simu nyingine za bei ndogo hutengenezwa kwa nchi moja tu. Simu kama hiyo ikija kwetu, huenda ikapiga na kupokea, lakini 4G isiione kamwe, hata ukisimama chini ya mnara. Kwa hiyo kabla ya kuletewa simu kutoka ng'ambo, mwambie ndugu yako atazame namba za masafa zilizoandikwa kwa aina ile ya simu, azilinganishe na zile zinazotumika hapa. Simu ya shangazi ilikuwa na namba zetu. Hapo alisalimika.

Akarudi bondeni kwa furaha. Kumbe taabu ya tatu ilikuwa inamngoja nyumbani.

Pale Lushoto mjini, simu ilionyesha juu ya kioo alama ya 4G, na picha za wajukuu zilifika mara moja. Kule bondeni ilionyesha herufi moja tu, E. Picha ikaanza kuja, ikasimama, ikaja tena. Nilipokwenda kumwamkia, alinipokea kwa malalamiko.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hebu itazame simu hii. Simu ya gharama yote hii inashindwa na kitochi?"

Nikamjibu kwamba simu ni nzima. Simu ni nusu ya kitu. Nusu ya pili ni mnara, na mnara huo hauuzwi dukani.

Sikilizeni jinsi ilivyo. Mawimbi ya simu hutoka mnarani kama mwanga utokavyo katika taa. Ukienda mbali, mwanga hupungua. Ukikaa nyuma ya ukuta, unakaa kivulini. Mlima ni ukuta mkubwa, na bonde la shangazi limo katika kivuli cha mlima. Tena mawimbi si ya namna moja. Yale ya namba ndogo hufika mbali na huweza kuzunguka vilima kidogo. Yale ya namba kubwa hubeba mzigo mkubwa, lakini hayafiki mbali. Wazee wanakumbuka redio za zamani: stesheni za masafa ya kati zilisikika mbali sana, hasa usiku, na stesheni za FM zina sauti safi lakini ukivuka mlima zinakwisha. Ni jambo lile lile.

Zaidi ya hayo, si kila mnara una mitambo yote. Mnara mmoja una 2G tu. Mwingine una 2G na 3G. Mwingine una 4G pia, na katika miji yetu 5G imeanza kuwashwa tangu mwaka 2022. Herufi zile zilizo juu ya kioo cha simu hukuambia unakula katika chungu gani. E ni 2G yenye intaneti ya polepole. H ni 3G. 4G ni 4G, na simu nyingine huandika LTE.

Na tufanye hesabu. Picha moja ina MB 2, ambazo ni kama kilobiti 16,000. Mahali penye E, tuseme zinapita kilobiti 100 kwa sekunde. Gawanya 16,000 kwa 100, unapata sekunde 160, karibu dakika 3. Mahali penye 4G, tuseme zinapita kilobiti 10,000 kwa sekunde. Picha ile ile itafika kwa muda usiotimia sekunde 2. Simu ni ile ile, na picha ni ile ile.

Tukapanda pamoja mpaka juu ya kilima. Tulipofika, simu ikaandika 4G, na picha 6 zikaingia mfululizo. Shangazi akacheka. Nikaazima laini za majirani, kila moja ya kampuni yake, nikazijaribu pale nyumbani bondeni moja baada ya nyingine. Laini ya kampuni moja ilileta H. Basi hilo ni jambo la kukumbuka: kampuni iliyo nzuri ni ile yenye mnara unaofika nyumbani kwako, hata kama mjini watu wanaisifu nyingine. Na hapa Tanzania, tangu Machi 2017, mtu anaweza kuhama kampuni akabaki na namba yake ile ile. Wateja wako wa kabichi hawatakupoteza.

Taabu ya nne ni kifurushi. Kitochi hakikuwa na tamaa. Simu janja ina tamaa. Hata imelala mfukoni hupokea picha za makundi, hujipatia programu mpya, na hula MB za kifurushi chako bila kukuuliza. Kifurushi nacho kina siku zake. Ukinunua cha siku 7, siku ya 8 kilichobaki kimekwenda. Mtu wa bondeni mwenye E huumia mara mbili: hununua kifurushi, mnara hauwezi kumpa upesi, na siku zinakwisha. Kwa hiyo zima data usipoitumia. Iambie simu isipakue picha na video zenyewe. Nunua kifurushi kidogo kwanza, ukione kinadumu vipi.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hili ndilo kubwa kuliko yote.

Simu ikiwa mahali penye mawimbi hafifu, hupaza sauti ili mnara uisikie. Ni kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto: huchoka upesi. Betri yake hula chaji sana. Kitochi nacho hupaza sauti, lakini hakina kioo kikubwa wala kazi nyingi, na chaji yake hukaa siku kadhaa. Usiku mmoja mjukuu wa shangazi alishikwa na homa kali. Simu janja ilikuwa imezima tangu jioni, na kwake hakuna umeme. Akachukua kitochi, akakitia laini yake, akampigia kijana wa bodaboda, na mtoto akafikishwa zahanati kabla ya alfajiri. Mtoto alipona.

Basi msikimbilie kutupa kile kinachofanya kazi. Kupiga, kupokea, kutuma ujumbe mfupi, na kutuma fedha kwa menyu ile inayoanza kwa nyota, yote hayo hupita katika 2G bila intaneti. Sasa shangazi ana laini 2. Ya kwanza imo katika kitochi, kwa kazi na kwa dharura. Ya pili, ya kampuni ile inayoleta H, imo katika simu janja, kwa kuwaona wajukuu na kuuliza bei za mboga.

Kabla hujatoa fedha, au kabla hujamwambia ndugu yako alete simu, uliza maswali haya 5:

1. Je, simu imefunguliwa, na deni lake limekwisha?
2. Je, ina tundu la laini, na ina masafa ya nchi yetu?
3. Je, nyumbani kwangu na shambani kwangu hufika mnara wa kampuni gani, nao huonyesha herufi gani?
4. Je, nitaweza kulipia kifurushi kila mwezi?
5. Je, nitaichajia wapi?

Swali la 3 muuzaji wa mjini hawezi kukujibu. Azima simu janja ya jirani, simama mlangoni kwako, utazame herufi. Kufanya hivyo hakuna gharama.

Tena, kabla ya kulipa, bonyeza *#06#. Itatokea namba ya tarakimu 15, ndiyo namba ya utambulisho ya simu hiyo. Iandike katika daftari, na utazame kama ni sawa na ile iliyo kwenye kasha. Hapa Tanzania, tarehe 16 Juni, 2016, simu za bandia zilizimwa katika mitandao yote, na walionunua bila kutazama walipoteza fedha zao.

Kazi ya darasani:

1. Someni tena habari ya kufungwa. Nani anao ufunguo?
2. Kifurushi cha MB 1,000 chaweza kuleta picha ngapi za MB 2?
3. Kila mtu aandike herufi inayoonekana nyumbani kwake, na jina la kampuni. Unganisheni majibu, mchore ramani ya kijiji ubaoni. Ramani hiyo itawafaa hata wasiohudhuria darasa.

Wiki ijayo tutazungumza juu ya kusoma stakabadhi.