Mpwani Ukienda Kitengela, Usilidhanie Bwawa Ni Bahari

Shule zikifungwa, watoto wetu wengi hupanda treni pale Miritini na kushuka Athi River, kwenda kwa ami na khalati zao wanaoishi Kitengela. Wapwani wamekuwa wengi huko: wapo wanaofanya kazi viwandani, wapo wenye maduka, wapo walionunua ploti na kujenga. Mtoto akifika hukuta tambarare kavu isiyo na bahari. Siku mbili tatu zikipita huulizia maji yako wapi, na wenziwe wa mtaa humpeleka silanga.

Silanga ni bwawa la kuchimbwa la kukinga maji ya mvua. Kajiado ni nchi ya wafugaji na mvua yake ni haba, kwa hivyo mabwawa haya yako kila upande. Kuna pia matimbo ya mawe yaliyoachwa wazi yakajaa maji, na mabwawa makubwa ya kusambazia watu maji kama lile la Kiserian. Yote yalichimbwa kwa kazi nyengine, si kwa kuogelea.

Mimi nimezaliwa Mombasa na nilijua kuogelea kabla ya kujua kusoma. Mwezi wa Agosti, miaka kadhaa nyuma, nilimtembelea binamu yangu Kitengela, tukaenda kwenye timbo moja nje ya mji. Vijana walikuwa wakioga, nikaona haya kusimama kando. Nikaruka kama nirukavyo baharini. Pumzi ilinikatika, kifua kikabana, nikavuta hewa bila kutaka na maji yakaingia kinywani. Nilitoka, alhamdulillah, lakini tangu siku hiyo sijivunii tena uogeleaji wangu mbele ya maji nisiyoyajua.

Sababu ya kwanza ni baridi. Kitengela iko kiasi cha mita 1,600 juu ya bahari, na mji wa Kajiado uko juu zaidi. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, hewa hupoa kwa nyuzi sita au saba hivi. Bahari yetu ni kubwa mno, haibadiliki upesi: hata kusi ikivuma, maji ya Mombasa huwa kwenye nyuzi 25 hivi, na kwenye Machi na Aprili hufika 29. Bwawa dogo halina uzito huo. Joto lake hufuata wastani wa hewa ya mchana na usiku, na Julai na Agosti usiku wa huko hushuka hadi nyuzi 12 au chini yake. Maji huwa chini ya nyuzi 20.

Mwili uliozoea joto ukiingia ghafla kwenye maji kama hayo, mapafu hutwaa hewa kwa nguvu bila kukuomba ruhusa. Kichwa kikiwa ndani, utakachovuta ni maji. Mshtuko huo hutulia baada ya dakika moja au mbili, lakini wengi huzama ndani ya dakika hiyo. Ukiivuka, mikono na miguu huanza kuwa mizito, kwa kuwa maji huondoa joto la mwili upesi sana kuliko hewa.

Sasa tazama kalenda ya shule. Likizo ya Aprili huja na masika, mabwawa yanajaa na mito inafurika. Tuliyaona mwaka wa 2024, mafuriko yalipoingia Kitengela na Athi River. Likizo ya Agosti huja na baridi kali. Ile ya Novemba na Desemba huja na mvua za vuli, na shimo ambalo mwezi uliopita mtoto alisimama ndani yake, leo linamfunika. Kila likizo ina hatari yake.

Usidanganywe na Januari na Februari, jua linapowaka. Maji ya bwawa ni ya tope, miale ya jua haishuki mbali. Mchana usio na upepo, tabaka la juu hupata joto na kuelea juu ya lile la chini lililo baridi. Ukitia mkono utasema maji ni vuguvugu. Ukipiga mbizi unakutana na maji mengine kabisa.

Sababu ya pili ni chumvi. Wazee wetu huyaita maji yasiyo na chumvi "maji baridi", na Kitengela jina hilo lina maana zote mbili. Maji ya bahari ni mazito kwa asilimia mbili na nusu hivi. Mtu wa kilo 70 aliyezama mwili mzima baharini hubebwa zaidi kwa karibu kilo mbili kuliko bwawani. Ndiyo maana mtoto anayelala chali juu ya maji Nyali bila taabu hushangaa anaposhuka huko bara.

Ya tatu ni ukingo na sakafu. Pwani ya mchanga hukushusha pole pole. Silanga iliyochimbwa kwa tingatinga hukatika ghafla, udongo wake mweusi huteleza, na tope la chini hushika miguu. Yale mabwawa ya shambani yaliyotandikwa nailoni ni mabaya zaidi, huna pa kushika ukitaka kutoka. Na kichocho hutokana na konokono wa maji baridi, nacho baharini hakipo.

Tufanyeje? Mwenyeji amwambie mgeni siku ya kwanza, kabla hajaulizia, kwamba silanga si mahali pa kuogea. Mtoto mwenye hamu apelekwe kwenye bwawa la kuogelea lenye mwangalizi, na hata hapo aingie kwa miguu, taratibu, asiruke. Akianguka bwawani asipigane na maji: alale chali, kinywa juu, angoje pumzi itulie ndipo ajongee ukingoni. Ukimwona mwenzio anazama, usimrukie, mtakwenda wawili. Mtupie kamba, au mtungi mtupu wa lita 20 uliofungwa kifuniko, ambao unaweza kumweka mtu juu ya maji. Mitungi hiyo Kajiado iko kila mlango.

Wazee walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Na tawakali yetu hutaka kwanza tumfunge ngamia. Kabla ya kumkatia mwanao tiketi ya Agosti, mkalishe dakika tano umweleze haya, kisha umpigie simu yule khalati yake naye umweleze. Inshallah wote watarudi nyumbani salama.