Ruta za bei nafuu Nakivubo: soma kibandiko kwanza

KAMPALA – Mnunuzi anayetafuta ruta ya bei nafuu Nakivubo, jirani na soko la Owino, ili aibadilishe programu na kuitumia kwenye miradi yake ya elektroniki, hana budi kuigeuza na kusoma kibandiko cha chini kabla ya kuulizia bei.

Jina peke yake halitoshi. Linksys WRT54G, iliyopendwa na mafundi baada ya kampuni kutoa msimbo wake wa Linux mwaka 2003, ilikuwa na MB 4 za kuhifadhi programu na MB 16 za kufanyia kazi. Toleo la 5 la mwaka 2005 lilibaki na MB 2 na MB 8, kwa jina lile lile. Kampuni ilibana gharama, fundi akabaki na boksi lisilomfaa.

TP-Link TL-WR841N nayo ni hivyo hivyo. Toleo la 13 lina MB 8 na MB 64; toleo la 14 likarudi MB 4 na MB 32. Programu huria ya OpenWrt iliziacha ruta za MB 4 baada ya toleo lake la 19.07, lililokoma mwaka 2022. Bado zinaweza kusoma kipimajoto, ila zisiwekwe kwenye intaneti. Anayeweza atafute MB 16 na MB 128.

Modemu za kampuni za simu huvutia kwa bei, lakini nyingi zimefungwa.

Kwa anayenunua katoni ya kupeleka Goma au Kisumu, afungue maboksi kadhaa alinganishe namba za toleo kabla ya kulipa.