Brashi Mbili, Msitu Mmoja

Umechoka na wikiendi za baa na runinga? Zimeni simu, wewe na mwenzi wako, mchore msitu kwa rangi za maji.

Mfano mzuri ni Ndundulu, wilayani Kilolo. Humo anaishi kipunji, kima ambaye duniani kote yupo Tanzania tu: hapo, na upande wa Rungwe na Kitulo. Wanyakyusa walimjua zamani. Wanasayansi walimtangaza mwaka 2005.

Anzeni na ukungu. Loweshani karatasi nene, kisha mguse kwa bluu nyepesi yenye kijivu, isambae yenyewe. Karatasi ikiwa bado na unyevunyevu, wekeni miti ya mbali, hafifu. Halafu subirini ikauke. Hapa ndipo wengi huharibu! Pikeni chai, pigeni stori.

Ikikauka, mmoja achore mashina na majani ya karibu, mwingine mizizi na kuvu. Kijani msikitoe moja kwa moja kwenye tyubu; changanyeni bluu, njano na kahawia kidogo.

Mwisho kabisa, kipunji: kahawia, nywele za utosini zimesimama. Tumbo lake jeupe ni karatasi yenyewe, kwa hiyo liacheni wazi tangu mwanzo. Weupe ukishafunikwa, kuurudisha ni shughuli pevu. Na msitu ukishafyekwa ni hivyo hivyo.

Itundikeni sebuleni. Mgeni akiuliza, "Huyu kima gani?", mtakuwa na la kumsimulia.