BWATI YA VITESI IKIPATA MOTO

Ndugu mfanyakazi, kazini unachunga joto la mafuta ya mashine kila siku. Je, motokari inayobeba bibi na watoto wako siku ya yenga, mafuta yake unayachunga?

Tuchukue mfano wa Mercedes W123 yenye vitesi otomatiki, iliyotengenezwa Ujerumani kutoka mwisho wa 1975 mpaka mwanzo wa 1986. Ni motokari ya nguvu, lakini leo ni mzee, na mzee anaomba matunzo.

Joto linatoka wapi?

Ndani ya otomatiki, nguvu ya motere inapita katika mafuta. Gurudumu moja lenye mapanga linasukuma mafuta, na mafuta yanazungusha gurudumu la pili. Kwa kukorogwa hivyo yanapata moto. Pompi inayatuma kwa tiyo moja mpaka ndani ya tanki la radiatere, maji yanayapoza, kisha yanarudi kwa tiyo ya pili. Joto zuri ni karibu digri 80 mpaka 95. Yakipita 120, mafuta yanaungua, jointi zinakauka na kupasuka, na mafuta yanavuja. Yakidondoka juu ya tiyo ya moshi yenye moto mkali, yanaweza kuwaka. Hapo si matata ya fundi tena: ni moto chini ya jamaa yako.

Uangalie hivi:

1. Kipimo. Tembeza motokari mpaka mafuta yapate joto. Isimamishe mahali palipo sawa, freni ya mkono imekazwa, kijiti kwenye P, motere inazunguka. Fanya hivyo nje, si ndani ya garaji iliyofungwa, kwa maana moshi wa motere una gesi inayoua bila harufu. Vua tai, chunga mikono isikaribie ventilatere. Kati ya alama mbili za kipimo kuna karibu litri 0,3 tu, basi usimwage ovyo. Mafuta yakizidi yanatoa povu, na povu halipozi kitu.

2. Rangi. Mafuta mekundu na safi ni mazuri. Yakiwa ya kahawia na harufu ya kuungua, yamekwisha kupata moto mwingi. Yakiwa kama maziwa ya rangi ya waridi, maji ya radiatere yameingia ndani. Simama hapo hapo, usiendeshe tena: maji yanaharibu bwati yote.

3. Mafuta yanapunguka lakini chini hakuna tone? Angalia maji ya radiatere: labda mafuta yanaingia humo. Angalia na moshi: kama ni mwingi na mweupe au wa bluu, kifaa cha vakyumu kilicho kwenye bwati kinaweza kuwa kimetoboka, na motere inakunywa mafuta hayo.

4. Radiatere. Kama maji ya motere yanachemka, mafuta ya bwati hayawezi kupoa. Ondoa vumbi, majani na wadudu, kisha angalia ventilatere na termostati.

5. Tiyo mbili za mafuta. Mara nyingi kriki iliyowekwa vibaya inazibana. Vipande vya mpira navyo, vikizeeka, vinaweza kufunga kwa ndani hata kama kwa nje vinaonekana vizuri.

Kama vyote hivi ni vizuri na joto linazidi, peleka kwa fundi. Anaweza kuongeza radiatere ndogo ya mafuta mbele ya ile kubwa. Mafuta yapite kwanza katika ile kubwa, kisha katika ndogo, ndipo yarudi kwenye bwati.

Namna ya kuendesha

Kwenye mpando usishike motokari isirudi nyuma kwa kukanyaga mafuta, tumia freni. Wakati wa masika, ukikwama katika matope, usizungushe magurudumu kwa muda mrefu: kwa dakika chache tu mafuta yanaweza kuungua. Weka koleo na mbao nyuma. Na kama motokari imekufa, usiivute kama motokari yoyote. Motere ikilala, pompi nayo inalala, na bwati inazunguka bila mafuta mapya. Fuata kitabu cha motokari, ama inua magurudumu ya nyuma.

Mambo manne usisahau

Usifungue kifuniko cha radiatere yenye moto. Ngoja ipoe, funika kwa kitambaa kinene, fungua polepole.

Usiingie chini ya motokari iliyoshikwa na kriki peke yake. Weka vishikizo vya chuma vyenye nguvu, zuia magurudumu.

Maji ya radiatere yenye glikoli ni matamu, na ni sumu inayoua figo. Usiyatie kamwe katika chupa ya limonadi. Mtoto akiyanywa, mpeleke hospitali mara moja, usingoje aonyeshe ugonjwa.

Mafuta ya zamani usiyamwage karibu na kisima wala shambani. Yaweke katika bido lililofungwa, uyapeleke garajini.

Mama wa nyumbani, na wewe una kazi: ukiona tone jekundu mahali motokari ilipolala, mwambie bwana kabla ya safari. Kutoka Lubumbashi mpaka Likasi ni karibu kilometa 120. Afadhali kuchelewa saa moja nyumbani kuliko kusimama porini na motokari inayowaka.

Usalama hauishi kwenye mlango wa mgodi. Unakufuata mpaka nyumbani.