Manivele na Demareri

Musonoi ni mahali pa shaba, karibu na Kolwezi. Watoto wa huko wameona vilima vya udongo uliochimbwa, lakini si wote wanaojua shaba hiyo huenda kufanya kazi gani. Tutazame kazi moja tu: kuamsha moteri iliyolala.

Moteri ya mazutu inayosaga unga wa bukari haiwezi kuanza yenyewe. Sharti izungushwe kwanza, ivute hewa na kuibana mpaka iwe ya moto sana. Ndipo mazutu yawake ndani yake. Moteri za zamani huzungushwa kwa manivele, yaani chuma kilichopindwa mara mbili. Fundi huacha kwanza njia ya hewa wazi, ili moteri isimpinge. Huzungusha kwa nguvu. Gurudumu zito likishika mwendo, huifunga njia ile, na moteri hulia. Katika mwezi wa Juni na wa Julai asubuhi za Kolwezi zina baridi, mafuta huwa mazito, na kazi hii humtoa mtu jasho.

Jasho si kitu. Pengine moteri, hasa ya petroli, huwaka kabla ya wakati wake ikarudi nyuma, na manivele humpiga aliyeishika. Wengi walivunjika mkono. Kwa hiyo madereva wa zamani walifundishwa kuvuta manivele kwenda juu, na kuweka kidole gumba upande mmoja na vidole vingine.

Huko Marekani alikuwako fundi, Charles Kettering, aliyekwisha kutengeneza moteri ndogo ya umeme ya kuendesha mashini za fedha za madukani. Watu walidhani kwamba moteri ya umeme ya kuamsha motokari lazima iwe kubwa mno. Kettering alijua kwamba kazi yenyewe ni ya nukta chache tu, na kitu kidogo chaweza kubeba mzigo mkubwa kwa kitambo kifupi. Demareri yake ilijaribiwa mwaka wa 1911, na motokari za Cadillac za mwaka wa 1912 ziliuzwa nayo.

Je, moteri ya zamani yaweza kutiwa demareri? Yaweza. Gurudumu lake zito huvikwa pete ya chuma yenye meno. Pete hutiwa moto ipanuke, huvikwa upesi, nayo ikipoa hushika sana. Kama pete ina meno 100 na demareri ina 10, demareri huzunguka mara kumi ili gurudumu lizunguke mara moja. Hivyo mdogo humshinda mkubwa. Demareri sharti ifungwe imara na kunyoka sawasawa, la sivyo meno huvunjika. Kisha huwekwa betri, na dinamo ya kuijaza tena.

Wengi hukosea katika waya. Wakitia mwembamba, huo hupata moto, na demareri hugonga tu bila kuzunguka. Waya uwe mnene, tena wa shaba, kwa maana chuma cha unene uleule hupitisha umeme kidogo kuliko shaba, karibu mara sita. Nyuzi zilizomo ndani ya demareri pia ni za shaba.

Manivele haitupwi. Fundi huitundika ukutani, kwa siku ile betri itakapokufa na watu wamekwisha kupanga foleni na mahindi yao.